Rollande na Mji Unaonuka

Mama mkwe wangu, Rollande Bouliane, alikuwa na kinyaa na mji mmoja tu duniani, nao ni Québec. Kwa mambo mengine hakuwa mtu wa kinyaa hata kidogo. Nimemwona akitoa matumbo ya samaki wa ziwa letu juu ya meza ileile aliyokandia unga wa pai, akipangusa kwa kitambaa kimoja huku anapiga soga. Lakini ukimtajia Québec alikunja pua. "Unanuka mji ule," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Marehemu mumewe, Normand, alizoea kuwapeleka watoto kule kuona sanamu za barafu wakati wa kanivali. Yeye alibaki Roberval. Steeve, mwanawe na mwenzangu wa maisha, alipohitimu chuo chake cha ufundi mjini humo, mama mtu hakwenda. Alimwambia, "Anayehitimu ni wewe. Mimi nitakupikia pai ukirudi." Ikawa utani wa ukoo. Lori la taka likipita mtaani, lazima mmoja apige kelele: "Mama, Québec inapita!" Naye alicheka na sisi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani alijua kwamba mwanamke anayecheka vile yuko kimya?

Alikuwa na mambo yake mengine mawili, nayo tuliyachukulia kama tunavyochukulia mambo ya wazee. La kwanza, nyumbani kwake sakafu haikupakwa nta. Wifi yangu Huguette alimletea siku moja kopo la nta nzuri ya mbao, likaishia kwenye pipa kabla mgeni hajamaliza kahawa. La pili lilinikera mimi binafsi. Mtoto akizaliwa katika familia, Rollande alikuja kumwona, akasimama mlangoni mwa chumba na mikono nyuma, kama mtu anayesubiri polisi wamalize kumpekua. Hakumgusa mtoto mpaka ahimizwe na kuhimizwa tena. Nilipomzaa Marie-Pier alinifanyia hivyohivyo, nikamwambia Steeve kwamba mama yake ana roho ya barafu. Maneno hayo sikuyafuta kwa miaka.

Sasa Marie-Pier naye akazaa, na anaishi wapi? Québec, huko huko kunakonuka. Anaishi na Jérémie wake, hawajafunga ndoa, kama mimi na Steeve ambao hatujafunga ndoa mpaka leo, na kama nusu ya mtaa wetu. Nilimpigia Rollande simu kumpa habari, nikitarajia aseme atatuma pai.

"Nitakwenda," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Unafikiri wapi, wewe? Nina umri gani? Nikisubiri mtoto aje kwangu, atanikuta kaburini. Ila kwao silali. Mzazi bado ana maumivu, halafu kila akiamka anamkanyaga bibi yake? Tafuta hoteli. Na isiwe ya kifahari, mimi siendi kulipia mapazia."

Aliyeambiwa atafute hoteli ni mimi Guylaine, na hapo ndipo kipaji changu kilipo. Watu wengine wamejaliwa sauti ya kuimba. Mimi nimejaliwa kunusa bei. Najua kwamba Novemba, mvua na theluji zinapogombania barabara, hoteli za Québec zinakubembeleza. Najua usiwahi kulala Ijumaa wala Jumamosi. Najua ile moteli ya kando ya barabara kuu inayojisifu kwa bei yake ni mtego, kwa sababu utakachookoa kitandani utakitapika kwenye maegesho na basi. Kifungua kinywa lazima kiwemo, ili mkate wa pili uuite chakula cha mchana. Choo cha kuchangia si aibu. Na kama moyo wako ni mgumu, chagua ile bei ambayo ukishalipa hairudishwi, kwa maana hiyo ndiyo ya chini kuliko zote.

Moyo wangu ni mgumu. Nilipata vyumba viwili vya darini, karibu kabisa na ukuta wa kale, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ya masista. Hilo halikunishtua, wala lisingemshtua mtu yeyote wa kwetu. Masista wetu wamekwisha, na nyumba zao tumezigeuza maktaba, fleti, mahali pa kukandwa mgongo. Hii waliiita Pumziko la Mtakatifu Aurélie. Picha zilionyesha mashuka meupe na dirisha lenye kuona mto. Nililipa palepale, nikatembea jikoni nikijipongeza kwa sauti.

Nilipomweleza Rollande, alikuwa anakata maboga.

"Masista gani?" akauliza.

"Mama, masista ni masista. Wote wamekufa."

"Mtaa gani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwamba haujui, akaendelea na maboga yake. Sasa najua kwamba alisema kweli. Huo mtaa hakuwahi kuujua jina.

Tulishuka na gari la Steeve kupitia msituni, theluji ya majimaji ikipiga kioo, na nyuma tumebeba lile sanduku letu la baridi: pai ya nyama ya kwetu, jibini mbichi linalolia meno yakiligusa, na mtungi wa jemu ya bluberi. Nani anunue chakula mjini wakati ana mikono? Rollande alikaa mbele, mkoba mapajani. Tulipoanza kuona taa za mji alifungua kioo kidogo, akanusa, akafunga.

"Inanuka?" Steeve akamtania.

"Bado," akajibu.

Mlango wa hoteli ulikuwa mpya, kioo kitupu. Binti wa mapokezi, Anaïs, alizungumza kwa kunong'ona kana kwamba nyumba nzima ina mgonjwa. Alituomba tuvue viatu, akatupa ndara za manyoya. Hapo Rollande akafurahi, maana kwake mtu anayeingia ndani na viatu ni mshenzi. Akavaa ndara zake, akapiga hatua mbili, akasimama.

Palikuwa na harufu ya lavenda kila mahali. Mimi niliiona nzuri. Rollande alikuwa anatafuta nyingine chini yake, puani, jinsi mpishi anavyotafuta kilichoungua.

"Nta," akasema.

"Ndiyo, mama!" Anaïs akafurahi. "Ngazi zetu zinapakwa nta kwa mkono, kama zamani. Tumehifadhi kila kitu."

Rollande alitazama ngazi. Zilikuwa nyeusi, pana, kila kidaraja kimelika katikati. Akageuka akanitazama mimi, si binti.

"Sikai hapa."

Nakiri nilipandwa na hasira. "Mama, jamani! Tumesafiri njia nzima, nimetafuta wiki nzima, pesa imeshalipwa na hairudishwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Ni kulala tu! Utafumba macho, nta hutaiona."

"Guylaine," Steeve akasema taratibu.

"Guylaine nini? Kila mara mama yako na pua yake!"

Rollande alishika kishikio cha mbao cha ngazi, akaanza kupanda. Alipanda kwa upande, akikanyaga pembeni karibu na ukuta, mahali ambapo mbao haikulika. Nilifikiri ni magoti. Lifti yao iliishia ghorofa ya chini ya dari, ndiyo siri ya ile bei yangu, naye hakuiulizia, kwa hiyo tulimfuata wote kwa miguu, Steeve na sanduku la baridi, mimi na manung'uniko, Anaïs mbele akinong'ona historia.

Darini palikuwa na ujia mwembamba na milango midogo pande zote. Kila mlango ulikuwa na kibao cha bati jeupe, na jina limeandikwa kwa maandishi ya madaha.

"Vyumba vya chini vina majina ya masista waanzilishi," Anaïs akaeleza. "Hivi tukavipa majina ya wasichana waliokuwa wakiletwa hapa kujifungua. Mnajua, zamani, wale ambao hawakuolewa. Majina ya ajabu ajabu, lakini yana haiba yake. Wageni wanayapenda. Ninyi mko Gorgonie na Humiline."

Rollande aliweka kidole kwenye kibao cha kwanza.

"Gorgonie alitoka Rimouski," akasema. "Alikuwa anacheka usingizini. Wakampeleka akalale peke yake."

Anaïs akatabasamu, akidhani ni mzaha wa wazee. Rollande akasogea.

"Humiline alikuwa mtoto. Hakujua hata tumbo limeingiaje. Aliniuliza mimi."

Alikwenda hivyo mlango hadi mlango, bila haraka, mpaka wa mwisho kabisa, karibu na kabati la mashuka. Kibao chake kilisema Potamienne. Alikisoma muda mrefu kuliko vingine.

"Na huyu, Mama?" Steeve akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Huyu ni mimi."

Steeve akaliweka sanduku chini.

Tuliingia naye chumba cha Gorgonie kwa sababu mlango ulikuwa wazi, akaketi kitandani kwenye mashuka yangu meupe ya kwenye picha. Alitueleza kwa maneno machache, akitazama dirisha. Paroko wa Roberval alimleta kwa gari lake kabla ya mapambazuko, wakapitia mlango wa nyuma uani. Uso wa nyumba hakuwahi kuuona mpaka leo. Wazazi wake waliwaambia watu kwamba yuko kwa shangazi akijifunza kushona. Sista aliyefungua alimtazama tumbo kwanza, uso baadaye, akafungua kitabu cha watakatifu.

"Akaniambia, tangu leo wewe ni Potamienne. Rollande usimtaje, Rollande ana wazazi wa heshima. Kila msichana alipewa lake, na walichagua yale ambayo hata mbwa hawezi kuitikia. Tukasugua ngazi kwa magoti, tukapaka nta. Tumbo likiwa kubwa linagusa kidaraja. Ukikanyaga katikati unaanza upya, kwa hiyo tulipita pembeni."

Steeve alikuwa amesimama tu. Mtu mzima, mvi kichwani, na ndio kwanza anaambiwa kwamba yeye si wa kwanza.

"Alikuwa mvulana," Rollande akasema. "Nilimsikia, sikumwona. Wakamfunga nguo nyuma ya pazia. Nikaomba nimshike, hata kidogo. Sista hakunikaripia, alikuwa mpole sana yule. Akasema: Potamienne haruhusiwi."

Kwenye mto wa kitanda palikuwa na kadi iliyoandikwa, *Tua mzigo wako*. Pembeni yake palikuwa na kipande cha sabuni kimefungwa kwa kitambaa cha kijivu kilichoshonwa mfano wa aproni ndogo. Rollande akakichukua, akakigeuza ili nisome. Sabuni ile waliiita Toba.

Toba! Watu walikaa mezani, wakanywa kahawa, wakajadiliana jina la sabuni, na hakuna aliyejitapikia. Lavenda ile niliyoisifu ilinigeukia. La kuvunda halina ubani, wakubwa walisema, na hawa wameuchoma ubani huo, wakaufungia utepe, wakaniuzia mimi, nami nikaona nimeokota dodo.

Nilishuka. Sikumbuki ngazi. Nilimkuta meneja, kijana nadhifu anayeitwa Cédric, Anaïs ameshamnong'oneza. Alinikabidhi uso wa huzuni ulioandaliwa vizuri, akasema lazima ampe mama heshima zake, akapanda nami. Nikadhani anakuja kuomba radhi.

Alipiga goti mbele ya Rollande, akamshika mkono bila kuulizwa.

"Mama, hii ni zawadi kubwa kwa nyumba yetu. Kukutana na Potamienne mwenyewe!"

Rollande akautoa mkono wake.

"Tungependa mkae bure," Cédric akaendelea. "Siku zote mtakazotaka, chumba bora cha chini, na mlo. Tungeomba tu uketi na sisi kidogo na kinasa sauti. Wageni wetu wana kiu ya ukweli wa mahali. Ingekuwa pia njia ya wewe kupona."

Mimi ambaye maisha yangu yote nimekimbiza bei ya chini, hatimaye nilikuwa nimesimama mbele ya bei ya chini kuliko zote. Nikatamani kumtemea mate.

"Nilishalala humu bure, kijana," Rollande akasema. "Najua bei yake."

Akasimama, akachukua mkoba. Ni mtu mpole, Steeve, mtu wa kuomba radhi akikanyagwa yeye. Alifungua sanduku la baridi, akatoa kisu cha jibini, akaenda mwisho wa ujia. Tukasikia skrubu zikilia.

"Samahani, bwana! Hiyo ni mali ya hoteli!" Cédric alipiga kelele, kunong'ona kulikuwa kumeisha. "Itabidi niiweke kwenye bili!"

"Andika," nikamwambia. "Andika na skrubu. Andika na vyumba viwili ambavyo hatulali. Na hiyo sabuni kaogee mwenyewe."

"Dada, hakuna haja ya—"

"Usiniite dada. Sina ndugu wa aina yako."

Steeve alirudi na kibao, akampa mama yake kama mtu anayemrudishia mwenzake kofia iliyopeperuka. Tulishuka. Yeye na mimi tulipita katikati ya kila kidaraja, makusudi, kwa uzito. Rollande alijaribu mara moja, akasita, kisha akaweka mguu katikati na akashuka hivyo mpaka chini, akishika bega la mwanawe.

Nje mvua ilikuwa imegeuka theluji nzito ya kunata. Kando ya kituo cha basi palikuwa na pipa la taka. Rollande alikitazama kibao mara moja, akakitumbukiza, akapangusa vidole kwenye koti kama amegusa kitu kilichooza.

"Si nilisema mji huu unanuka," akasema.

"Ulisema, Mama," nikajibu.

"Basi twende nikamwone mtoto. Na hiyo pai isimwagike."

Kwa Marie-Pier palikuwa na fujo ya heri. Maputo yalifungwa kwenye kiti, kadi za pongezi zimejaa juu ya friji, majirani wameleta supu, na Jérémie kavaa aproni yenye maziwa begani akiuliza nani anataka kahawa. Mama yake Jérémie alikuwa ametundika barazani bango la kitambaa lenye jina la mtoto, Éloi, herufi kubwa kiasi kwamba hata dereva wa basi aweze kulisoma. Hakuna aliyeuliza ndoa iko wapi. Nilimwona Rollande akilitazama lile bango kwa muda kabla hajavua viatu.

"Si mmekodi hoteli?" Marie-Pier akaita kutoka chumbani.

"Ilikuwa chafu," nikamwambia. "Tutalala sebuleni, chini."

"Nilikwambia tangu mwanzo, Mama, na ubahili wako! Bibi yuko wapi? Bibi!"

Rollande alikuwa mlangoni mwa chumba. Mikono nyuma. Alisimama vilevile alivyosimama mlangoni mwangu nilipomzaa huyu Marie-Pier, na mlangoni kwa Huguette, na kila mahali palipozaliwa mtoto wetu. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana kwa nguvu mpaka vimekuwa vyeupe. Miaka yote ile nilikuwa ninavitazama vidole hivyo na sikuviona.

"Njoo, Bibi, mbona umesimama huko?"

"Ninaruhusiwa?" Rollande akauliza.

Marie-Pier akacheka. Hakujua lolote, masikini. "Nani akukataze, Bibi? Mshike mpaka uchoke. Mimi nataka kwenda chooni."

Steeve aligeukia ukuta, akajifanya anasoma kadi za pongezi. Rollande akatoa mikono yake nyuma. Kichwa cha mtoto alikishika barabara, kama mtu aliyeifanyia kazi hiyo mazoezi maisha yake yote bila kuitwa. Akamleta karibu na uso. Hakumbusu kwanza. Alimnusa, utosini, kwa pua ileile, polepole, na pua haikukunjwa.

"Mimi ni Rollande," akamwambia.

Alimshika mpaka pai ikapoa mezani, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba chakula kiko tayari.